Kicheche Karibu na Nyumba

Watu wengi humjua kicheche kwa pua kabla ya kumjua kwa macho, maana hutembea usiku, na mchana hulala katika shimo au chini ya mawe. Ni mnyama mdogo mwenye miguu mifupi. Mwili wake bila mkia hupata sentimita 30 au zaidi kidogo, na uzito wake ni kama kilo 1. Manyoya yake ni marefu na meusi. Mgongoni ana milia minne myeupe itokayo kichwani mpaka penye shina la mkia, na usoni ana mabaka meupe. Makao yake ni nchi nyingi za Afrika, toka Senegal mpaka Afrika ya Kusini, ila misitu minene ya Kongo haipendi.

Wasiomjua humchanganya na wanyama wengine. Nguchiro hana milia minne myeupe, na wengi wao hutembea mchana. Fungo ni mkubwa zaidi, naye ana madoa. Nyegere, aliye ndugu yake kweli, ana mgongo mweupe mtupu kama aliyefunikwa shuka. Huko Marekani yuko mnyama aitwaye skanki, afananaye sana na kicheche kwa rangi na kwa silaha. Zamani wataalamu waliwahesabu kuwa ukoo mmoja, lakini katika miaka ya 1990 walichunguza chembe zao za urithi wakaona kwamba skanki ana ukoo wake mwenyewe.

Silaha yenyewe ni vifuko viwili vilivyo chini ya mkia, vyenye maji yanukayo vibaya mno. Kicheche si mchokozi. Akikutana na adui, kwanza husimamisha manyoya yote mpaka aonekane mkubwa kuliko alivyo, kisha huinua mkia, hunguruma, na kugeuza mgongo. Asiposikilizwa ndipo arushapo maji yale. Pengine hujilaza kama mfu, na adui akimnusa huondoka kwa kuchukizwa.

Mtu mwenye akili aonapo mkia ule umeinuliwa hurudi nyuma polepole. Mbwa hafahamu onyo hilo, naye hurukia palepale. Baada ya kitambo kidogo hurudi nyumbani mbio, macho yanamtoka machozi, anajisugua uso katika majani, na jambo la kwanza atakalo ni kuingia ndani ili abembelezwe! Hapo yafaa mlango ufungwe upesi, maana harufu ikishika mkeka na nguo ni taabu kubwa kuitoa. Mbwa afungwe nje, na macho yake yaoshwe kwa maji safi mengi, kwa kuwa maji yale huwasha sana. Tena atazamwe mwili mzima kama ana jeraha la meno.

Juu ya kuondoa harufu, watu wana dawa nyingi zisizofaa. Wamarekani wamezoea kumwogesha mbwa kwa maji ya nyanya, na nyanya huongeza harufu yake tu juu ya ile ya kwanza. Mwaka 1993 mtaalamu mmoja wa huko, Paul Krebaum, alieleza dawa iliyo bora. Huchukuliwa lita 1 ya haidrojeni peroksaidi ya nguvu ya asilimia 3, ile itoayo povu katika jeraha, ikatiwa robo kikombe ya soda ya unga ya kuumulia mikate, na kijiko kidogo cha sabuni ya maji. Manyoya husuguliwa kwa dawa hiyo mara ichanganywapo, ikaachwa dakika 5, kisha hukoshwa. Uvundo wa skanki hutokana na kiberiti kilichomo katika maji yake. Oksijeni ya dawa huungana nacho na kukigeuza kuwa kitu kisichonuka. Dawa isiingie machoni, wala isiwekwe katika chupa iliyofungwa, maana hutoa hewa nyingi na chupa hupasuka.

Asubuhi mwenye kuku akikuta mayai yamevunjwa, mara humhukumu kicheche. Pengine ni haki, kwa sababu kicheche hula mayai na vifaranga avipatapo. Lakini kanu na nguchiro nao ni wezi wa kuku. Tena chakula kikubwa cha kicheche ni mende, panzi, funza wa udongoni, panya, na hata nyoka. Mwenye ghala la mahindi amwuaye bila kuuliza huwafurahisha panya. Afadhali kutengeneza banda. Kwa kuwa kicheche ni mchimbaji hodari, waya wa banda yafaa uzikwe kama sentimita 30 katika udongo, na matundu yake yawe madogo. Makombo na sahani ya mbwa visilale nje.

Liko jambo moja kubwa kuliko harufu na mayai, nalo ni kichaa cha mbwa. Kicheche, kama wanyama wote wanyonyeshao, aweza kuugua ugonjwa huo. Akionekana mchana akiyumbayumba, au asipowaogopa watu, asikaribiwe na mtoto yeyote, wala asishikwe hata akiwa amekufa. Mtu aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 nzima, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo. Dalili zikiisha kutokea, karibu wote hufa. Chanjo imekuwako tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomtibu mtoto wa Kifaransa aliyeumwa na mbwa. Watu wengi mno hupata ugonjwa huu kwa mbwa wao wenyewe au wa jirani, kwa hiyo mbwa achanjwe kabla hajakutana na mnyama wa usiku.

Ikiwa kicheche amechimba chini ya ghala, shimo lisizibwe mchana, maana yumo ndani, na pengine ana watoto wasiofumbua macho bado. Jioni hunyunyizwa unga au majivu laini mbele ya shimo. Nyayo zikionekana zimetoka, na hapana sauti ya watoto ndani, hapo ndipo shimo huzibwa kwa mawe. Zikiwapo sauti, mwenye ghala hungoja majuma machache mpaka mama awahamishe.