Mashua Nchi Kavu: Kwa Nini Tairi la Tela Hupasuka?

Utangulizi

Njia ya zamani ya misafara, iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Ugogo na Tabora na kuishia Ujiji, ilikanyagwa na miguu ya wapagazi kwa miaka mingi kabla gurudumu halijapita juu yake. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani zaidi kidogo ya kilo 30. Shanga, nguo na pembe ni vitu viwezavyo kugawanywa kwa kipimo hicho. Mashua haigawanyiki kwa urahisi namna hiyo, na kwa sababu hiyo kila aliyetaka kuifikisha mashua kubwa katika Ziwa Tanganyika alikabiliwa na swali la gurudumu.

Mwaka 1876 mmisionari Roger Price alijaribu kufungua njia ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Mpango huo ulishindwa mwaka uliofuata, kwani ng'ombe walikufa kwa ugonjwa uenezwao na mbung'o. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na ndiyo iliyoibeba meli iitwayo leo Liemba, ikiwa imefungwa vipande vipande katika makasha 5,000. Meli hiyo iliteremshwa majini mwaka 1915. Mwaka uo huo, upande wa Kongo, Waingereza walizipitisha mashua mbili za kivita, Mimi na Toutou, juu ya milima ya Mitumba zikiwa juu ya matela, zikivutwa kwa matrekta ya mvuke na kwa ng'ombe.

Siku hizi mashua husafiri juu ya tela lenye matairi ya mpira yaliyojazwa upepo. Msomaji aweza kudhani kwamba tatizo limekwisha. Katika makala hii tutajaribu kuonyesha kwamba halijakwisha, bali limehama kutoka katika misuli ya ng'ombe na kuingia katika molekuli za mpira.

Tukio la barabara ya Urambo

Miaka michache iliyopita nilikuwa katika kikundi kilichopeleka mashua ya utafiti kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Tulilala Manyoni. Alfajiri, wakati halijoto ikiwa nyuzi 20 za Selsiasi, dereva wetu alipima upepo wa matairi ya tela, akaujaza hadi ratili 36 kwa inchi ya mraba, yaani kilopaskali 250. Tulipofika Tabora mchana, geji ilisoma ratili 45. Nilishtuka, nikaamuru upepo upunguzwe hadi 36. Dereva, mzee aliyeendesha malori katika njia hiyo tangu ujana wake, alisema kwa adabu, "Mwalimu, tairi la moto halipunguzwi upepo." Nilimjibu kwamba geji haisemi uongo. Yeye akatii.

Tulipokwisha kuipita Urambo, tairi la kushoto lilipasuka kwa kishindo. Tela liliyumba, likalala upande wa bega la barabara, pale pale alipokuwa akipita mwendesha baiskeli mwenye magunia ya mkaa. Alijitupa majanini akanusurika, ila baiskeli yake ilipondwa. Tairi letu la akiba, tulipolitazama vizuri, lilikuwa na nyufa ubavuni. Ikabidi tairi jingine litafutwe Tabora.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na kanuni iliyonihukumu siku ile hufundishwa katika shule za sekondari. Hebu tuifuate hatua kwa hatua.

1. Geji husema nini?

Geji ya upepo haipimi kanieneo yote iliyomo ndani ya tairi. Hupima tofauti kati ya kanieneo ya ndani na ile ya angahewa ya nje. Tabora na Manyoni ziko katika mwinuko wa mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huko kanieneo ya angahewa ni kama kilopaskali 88. Kwa hiyo kanieneo kamili ndani ya tairi letu alfajiri ilikuwa 250 + 88 = kilopaskali 338.

Mjao wa tairi haubadiliki sana. Kwa gesi yenye mjao usiobadilika, kanieneo kamili hulingana na halijoto kamili, ambayo hupatikana kwa kuongeza 273 katika nyuzi za Selsiasi. Alfajiri halijoto kamili ilikuwa 20 + 273 = 293. Tuchukue kwamba mchana hewa ya ndani ya tairi ilikuwa nyuzi 70, yaani 343. Basi:

338 × 343 ÷ 293 = kilopaskali 396 hivi.

Tukitoa 88 za angahewa, geji itasoma 308, ambazo ni karibu ratili 45. Hayo ndiyo masomo tuliyoyaona. Tairi halikuwa limejaa kupita kiasi; lilikuwa na hewa ile ile ya alfajiri, ila sasa ilikuwa ya moto. Watengenezaji wa matairi huliweka ongezeko hilo katika hesabu zao, na ndiyo maana kipimo wanachokitaja ni cha tairi lililo baridi.

Nilipoamuru upepo upunguzwe hadi 250, nilirudisha kanieneo kamili kuwa 338 katika halijoto ya 343. Ikiwa tairi hilo litapoa hadi nyuzi 20, kanieneo yake kamili itakuwa:

338 × 293 ÷ 343 = kilopaskali 289 hivi.

Ukitoa 88, inabaki 201, yaani ratili 29. Kwa neno moja nilikuwa nimelinyang'anya tairi karibu sehemu moja katika tano ya upepo wake. Geji haikusema uongo; mimi ndiye niliyeisoma vibaya.

2. Upepo mdogo huzaa joto jingi

Kinachobeba mzigo ni hewa zaidi ya mpira. Mzigo wa kilo 585 ni kani ya nyutoni 5,850 hivi. Kani ukiigawanya kwa kanieneo unapata eneo la tairi linalogusa barabara. Kwa kilopaskali 250 eneo hilo ni kama sentimita za mraba 234. Kwa kilopaskali 150 lingekuwa 390. Hesabu hii ni ya makadirio, kwa kuwa ubavu wa tairi nao una ugumu wake, lakini yatosha kuonyesha kwamba upepo ukipungua tairi hulala zaidi na ubavu hukunjika zaidi.

Sasa tuhesabu mikunjo. Tairi lenye kipenyo cha sentimita 61 lina mzingo wa mita 1.92 hivi, na kwa hiyo huzunguka mara 520 katika kila kilomita. Kutoka Tabora hadi Kigoma ni kama kilomita 400, yaani zaidi ya mizunguko laki mbili. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kila sehemu ya ubavu hukunjwa na kukunjuliwa karibu mara 12 kwa sekunde.

Mpira ukikunjwa hupokea nishati, na ukikunjuka hurudisha sehemu kubwa ya nishati hiyo, lakini si yote. Ile isiyorudi hugeuka joto. Mwanafunzi aweza kulitambua jambo hili kwa kukunja na kukunjua kipande cha waya mara nyingi kwa haraka, kisha kugusa mahali palipokunjwa. Mpira haupitishi joto vizuri, na kwa hiyo joto hujilimbikiza ndani ya tairi, hasa pale ambapo tabaka za nyuzi na mikanda ya chuma zimeshikamana na mpira. Mshikamano ule ukilegea, tabaka huachana na tairi hupasuka.

3. Uzee usioonekana

Tairi lililopasuka lilikuwa na meno marefu. Halikuwa kipara, na kwa macho lilionekana kama jipya. Hapa ndipo matela ya mashua hutofautiana na magari mengine. Tairi la lori la Tabora huisha meno kabla halijazeeka, lakini tairi la tela la mashua huzeeka kabla meno hayajaisha, kwa kuwa hukaa miezi mingi limesimama juani.

Mwaka 1839 Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa hupata uimara na unyumbufu wa kudumu, kwa kuwa salfa huziunganisha molekuli zake ndefu kwa viungo vya pembeni. Lakini katika molekuli hizo hubaki viungo-mbili vya kaboni, na viungo hivyo hushambuliwa na oksijeni na zaidi na ozoni iliyomo hewani. Watengenezaji huchanganya ndani ya mpira nta na kemikali za kinga, ambazo hupanda polepole hadi juu ya uso wa tairi. Tairi linalotembea huifanya upya ngozi hiyo ya kinga kila linapokunjika. Tairi lililosimama haliifanyi upya. Ndipo nyufa ndogo ndogo huanza ubavuni.

Umri wa tairi haufichwi. Ubavuni mwa matairi mengi kuna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yaanzayo na herufi DOT. Mbili za kwanza ni juma la kutengenezwa, na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi letu lilikuwa na 3708, yaani juma la 37 la mwaka 2008. Sisi tulitazama meno, hatukusoma tarakimu.

4. Mzigo na kitovu

Tuliporudi kwenye mizani tulipata hesabu hii: mashua kilo 700, injini 120, petroli 75, nyavu na vifaa 105, na tela lenyewe 300, jumla kilo 1,300. Sehemu ya kumi, kilo 130, ilikaa kwenye kiungio cha gari. Zilizobaki, 1,170, zilibebwa na matairi mawili, kila moja kilo 585. Tairi letu la aina ya gari dogo lilikuwa na namba ya mzigo 88, ambayo maana yake ni kilo 560 tu, tena likiwa na upepo wake kamili.

Kuna adui mwingine asiyehusu mpira. Baada ya safari ndefu kitovu cha gurudumu huwa cha moto. Tela likirudishwa moja kwa moja ndani ya ziwa, hewa iliyomo ndani ya kitovu hupoa na kusinyaa ghafla, kanieneo yake hushuka, na maji hufyonzwa ndani. Grisi huharibika, beringi hushika kutu, na safari ijayo gurudumu hukwama au hung'oka. Dawa yake ni subira: acha kitovu kipoe kabla ya kuingia majini, na grisi ikaguliwe baada ya kila safari.

5. Kuchagua tairi la kubadilisha

Yafaa mnunuzi aingie dukani akiwa tayari amekwisha kufanya hesabu, na aulize mambo yafuatayo.

(a) Namba ya mzigo. Ongeza sehemu moja ya tano juu ya mzigo halisi kama akiba. Kwetu sisi, 585 × 1.2 = kilo 702. Baadhi ya namba ni hizi:

88 — kilo 560
91 — kilo 615
95 — kilo 690
96 — kilo 710
100 — kilo 800
102 — kilo 850

Kwa hiyo tulihitaji namba 96 au zaidi.

(b) Tarehe. Tairi "jipya" lililokaa rafuni miaka mingi si jipya. La mtumba lisilosomeka tarehe liachwe.

(c) Herufi ya mwendo. L ni kilomita 120 kwa saa, N ni 140. Kwa tela hizo zatosha. Herufi kubwa zaidi haiongezi uwezo wa kubeba.

(d) Muundo. Matairi ambayo nyuzi zake hutoka ukingo mmoja hadi mwingine moja kwa moja hupata joto kidogo kuliko yale ya nyuzi za mshazari. Aina hizo mbili zisichanganywe katika ekseli moja.

(e) Rimu. Tairi la mzigo mkubwa huhitaji upepo mwingi, na rimu nayo lazima iwe na uwezo wa kuustahimili.

Dukani Tabora tulionyeshwa matairi ya aina mbili: moja kama lile lililopasuka, kwa bei nafuu, na jingine la magari madogo ya mizigo, lenye maandishi 185 R14 C 102/100. Namba 102 ni ya gurudumu linalokaa peke yake, 100 ni ya magurudumu yaliyofungwa mawili mawili. Rimu zetu zilifaa. Tulinunua matatu ya aina ya pili, la tatu likiwa la akiba, baada ya kusoma tarehe ya kila moja. Fedha zilizobaki zilinunua baiskeli, ikapelekwa kwa mwenyewe.

Hitimisho

Tairi letu halikuuawa na kosa moja. Lilikuwa limezeeka, limezidiwa mzigo, kisha likapunguziwa upepo. Huenda lingevumilia moja kati ya hayo. Matatu kwa pamoja hayakuvumilika. Dereva wetu hakuijua hesabu ya halijoto kamili, lakini alilijua jibu lake. Elimu ya darasani na ya barabarani zilikuwa zimefika mahali pamoja kwa njia mbili, na aliyepotea ni yule aliyekataa kusikiliza.

Jaribio na maswali

1. Kwa ruhusa ya mwenye gari, pima upepo wa tairi alfajiri na tena saa nane mchana, gari likiwa limesimama juani bila kutembea. Kadiria halijoto ya hewa ndani ya tairi kwa kila kipimo.

2. Tairi limejazwa kilopaskali 250 Dar es Salaam, ambako kanieneo ya angahewa ni 101. Likifika Tabora katika halijoto ile ile, geji itasoma ngapi? Eleza sababu.

3. Tela lenye matairi mawili lina uzito wa jumla wa kilo 1,000, na sehemu ya kumi hubebwa na kiungio. Ukiweka akiba ya sehemu moja ya tano, ni namba gani ndogo kabisa ya mzigo katika orodha yetu itakayofaa?