Kadi Moja ya GPU Katika Maabara Ndogo: Vidokezo Saba

Mwaka 2012, Alex Krizhevsky, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Toronto, alifundisha mtandao wa AlexNet kwa kadi mbili za GTX 580, kadi za kuchezea gemu, kila moja ikiwa na memori ya GB 3 tu. Kazi ilichukua siku tano hadi sita, na matokeo yake yakabadilisha utafiti wa utambuzi wa picha. Kwa hiyo maabara yenye watu wanne na bajeti ya kubana isijione haimo.

1. Pima kabla ya kununua. Chunguza programu yako inatumia muda wapi. Python ina cProfile kwa kazi hiyo. Ikiwa kati ya saa tano, nne zinaishia kwenye hesabu na moja kwenye kusoma mafaili, basi kadi yoyote ile, hata ya bei ya gari, haitakuongezea kasi zaidi ya mara tano. Gene Amdahl alilieleza hili mwaka 1967. Huenda unachohitaji ni diski ya SSD.

2. Tazama memori kwanza, kasi baadaye. Kadi ya polepole itakuchelewesha. Kadi yenye memori ndogo itakugomea kabisa. Ndiyo maana RTX 3090 ya mwaka 2020, yenye GB 24, bado inatafutwa na watafiti.

3. Jua unahitaji usahihi kiasi gani. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kadi za gemu kama RTX 3090 hufanya hesabu za biti 32 kwa kasi kubwa, lakini kwenye biti 64 kasi hushuka hadi sehemu moja ya 64. Kadi ya A100, iliyotengenezwa kwa ajili ya seva, hushuka hadi nusu tu, na bei yake inaonyesha hivyo. Je, unaihitaji? Mtu anayeiga mwendo wa molekuli za protini kwa GROMACS kwa kawaida haihitaji, kwani programu hiyo hufanya hesabu nyingi kwa biti 32 na kutunza biti 64 kwa sehemu chache nyeti. Anayefanya kemia ya kwanta mara nyingi anaihitaji. Usibahatishe: chukua mfano mdogo wa kazi yako, uendeshe kwa biti 32 na kwa biti 64 kwenye kompyuta ya kawaida, kisha linganisha majibu. Tofauti ikiwa ndogo kuliko kosa la vipimo vyako vya maabara, kadi ya gemu inakutosha.

4. Punguza safari za data. Ndani ya RTX 3090 data husafiri kwa takriban GB 936 kwa sekunde. Kati ya kadi na kompyuta, njia ya PCIe 4.0 hupitisha kama GB 32. Anayerudisha matokeo baada ya kila hatua ni kama anayekwenda Kariakoo kununua kitunguu kimoja kimoja. Ukitumia CuPy, maktaba ya Python ya hesabu za GPU, peleka data mara moja mwanzoni, hesabu yote ifanyike humo, urudishe mwishoni.

5. Usiandike upya kilichokwisha kuandikwa. GROMACS, LAMMPS, OpenMM na PyTorch zote zinaijua GPU. Hakikisha tu kwamba programu yako inaikubali kadi unayoitaka: nyingi zimejengwa juu ya CUDA ya NVIDIA, na si zote zinazokubali ROCm ya AMD.

6. Umeme na joto. RTX 3090 hula wati 350, na joto lote hilo linabaki chumbani. Kwa Dar es Salaam au Mombasa, bila kiyoyozi, utaliona mara moja. Amri ya `nvidia-smi` hukuonyesha nyuzi joto, na `sudo nvidia-smi -pl 280` huiwekea kadi kikomo cha wati 280. Kwa kazi nyingi kasi hupungua kidogo tu. Funga UPS, lakini usiitegemee peke yake. GROMACS huhifadhi hali ya kazi kila dakika 15, na umeme ukirudi unaendelea kwa chaguo la `-cpi`. Programu unayoiandika mwenyewe nayo iwe na uwezo huo tangu siku ya kwanza.

7. Wekeni foleni. Maktaba ya JAX, kwa mfano, ikianza tu hujichukulia asilimia 75 ya memori ya kadi, na daftari la Jupyter lililoachwa wazi huendelea kuikalia memori hata mwenyewe akiwa nyumbani. Slurm, programu ya kupanga foleni ya kazi, ni nzuri. Kwa watu wanne, hata kundi la WhatsApp linatosha, mradi kila mtu aliheshimu.

Na kabla hujasaini oda, fungua Google Colab au Kaggle, ambako GPU hupatikana bure kwa muda maalumu. Pandisha faili moja la data yako halisi, siyo mfano wa kwenye mafunzo, uone kazi yako inakwendaje humo.