Mbwa wako na afya ya watoto nyumbani

Mwezi uliopita, Jumatatu asubuhi, mama mmoja kutoka mtaa wa Umoja, Nairobi, aliingia katika zahanati yangu akiwa amemshika mkono mwanawe wa miaka sita. Mtoto huyo alikuwa amefungwa kitambaa shavuni. Nilipokifungua nilikuta jeraha la meno, na ndani ya jeraha kulikuwa na unga mwekundu.

"Ni pilipili, daktari," mama akanieleza. "Jirani alisema inaua sumu ya mbwa."

Mbwa aliyemuuma hakuwa mbwa koko wa kuzurura jaani. Alikuwa Simba, mbwa wao wenyewe, aliyelelewa pale nyumbani kwa miaka mitatu. Jumamosi jioni alikuwa akila, mtoto akamjia kwa nyuma na kumkumbatia shingoni. Simba akageuka na kuuma mara moja. Majirani waliposikia mayowe walikuja na rungu, wakampiga mbwa hadi akafa, na mzoga ukatupwa mtoni. Nilipomuuliza mama kuhusu kadi ya chanjo ya mbwa, alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama Simba alikuwa na kitambulisho.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: "Je, alikuwa na kichaa?"

Kama Simba angekuwa hai, tungelipata jibu. Mbwa aliyeuma hufungiwa mahali salama na kutazamwa kwa siku 10. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, anakula na kunywa kama kawaida, basi mate yake hayakuwa na virusi vya kichaa siku alipouma. Lakini Simba alikuwa amekufa, kichwa chake hakikupatikana ili kipimwe, na jeraha lilikuwa usoni, karibu na ubongo. Haikubaki njia ila mtoto kupewa matibabu yote: chanjo kwa awamu, pamoja na dawa ya kinga inayodungwa ndani na kando ya jeraha lenyewe. Hospitali ya kwanza waliyoiendea haikuwa na dawa hiyo ya kinga. Walizunguka mjini hadi saa kumi na moja jioni.

Msomaji, mimi ni daktari wa watu wala si wa wanyama. Mbwa wako akiugua, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Hata hivyo, katika kazi yangu nimeona kwamba mengi yanayomfika mbwa huishia kwangu: vipele vya watoto, minyoo, majeraha. Kwa hiyo leo ninataka tuzungumze kuhusu mbwa wa nyumbani jinsi mimi ninavyomwona, yaani kutoka upande wa wanaoishi naye.

Chakula

Mbwa wengi wa mitaani mwetu hula ugali wa jana. Si vibaya, lakini ugali peke yake hautoshi. Mbwa anahitaji protini zaidi kuliko sisi. Changanya ugali huo na omena, matumbo yaliyochemshwa au mabaki ya nyama. Mbwa mzima anatosheka na milo miwili kwa siku, naye mtoto wa mbwa apewe mara tatu au nne, kidogo kidogo. Mpapase mbavuni: ukizihisi chini ya vidole bila kuziona kwa macho, hali yake ni nzuri. Maji safi yawepo wakati wote, na chombo kioshwe. Nimeona nyumba ambamo sufuria ya mbwa haijaoshwa tangu ilipostaafishwa jikoni.

Kuna vitu vya kumnyima hata akikutazama kwa huruma. Vitunguu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu damu yake. Chokoleti na zabibu kavu ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika ikawa na ncha kali na inaweza kumtoboa utumbo.

Halafu kuna mahindi yaliyoota kuvu. Watu huyatenga yasiliwe na watoto, kisha wakamsagia mbwa. Kuvu hiyo hutoa sumu ya aflatoksini, ile iliyowaua watu 125 mwaka wa 2004, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui. Mbwa naye ana ini, na sumu hiyo hulishambulia vilevile. Mahindi ya namna hiyo hayafai mtu wala mnyama.

Jambo ninalotaka ulikumbuke zaidi ni matumbo mabichi. Krismasi ikifika, mbuzi huchinjwa nyuma ya ploti, na ini au mapafu yenye vifuko vya maji hutupiwa mbwa kwa sababu hakuna anayetaka kuyala. Ndani ya vifuko hivyo mna vijidudu vya tegu mdogo. Mbwa akivila, tegu hao hukomaa tumboni mwake na mayai yao hutoka na kinyesi. Mayai hushika manyoya, mikono ya watoto, mboga na maji. Mtu akiyameza, vifuko vile vile huota ndani yake, mara nyingi kwenye ini au mapafu, vikakua polepole kwa miaka mingi hadi tumbo livimbe. Turkana imeteseka sana na ugonjwa huu; ilijulikana kuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani. Mjini tusidhani uko mbali, kwa maana mbuzi na kondoo wetu huletwa kutoka huko huko kwenye malisho. Ini lenye vifuko lizikwe chini sana au lichomwe. Matumbo ya kumpa mbwa yachemshwe kwanza.

Viroboto

Mama huja na watoto wawili au watatu, miguu imejaa vipele kuanzia vifundoni hadi magotini, wamejikuna hadi wametoka damu. Ameshapewa dawa ya upele, akaambiwa ni chakula kinachomdhuru mtoto, akawazuia mayai na maziwa. Mimi humuuliza swali moja: "Mna mbwa au paka?"

Kuna kipimo rahisi ambacho hakihitaji daktari. Chukua kitambaa cheupe au karatasi ya chooni uilowanishe maji. Mchane mbwa manyoya ya mgongoni karibu na mkia, na uchafu mweusi unaodondoka uangukie hapo. Chembe hizo zikiyeyuka na kuacha rangi nyekundu kama kutu, hiyo ni damu iliyopita tumboni mwa kiroboto. Mbwa wako ana viroboto hata kama hujamwona hata mmoja.

Kosa la watu wengi ni kumwosha mbwa tu na kudhani kazi imekwisha. Kiroboto jike anaweza kutaga hadi mayai 40 au zaidi kwa siku. Mayai hayashiki manyoya. Huanguka kila mbwa anapopita, kwenye zulia, chini ya kochi, katika nyufa za sakafu na gunia analolalia. Huko huanguliwa yakawa mabuu, kisha mabuu hujifunga ndani ya vijifuko ambamo huweza kukaa kwa miezi wakingoja mtikisiko wa miguu ya mtu au mnyama. Ndiyo maana watu wakihamia nyumba iliyokaa tupu hushambuliwa siku ya kwanza. Wale viroboto wazima unaowaona juu ya mbwa ni sehemu ndogo sana ya jeshi lote.

Kwa hiyo vita vipiganwe mahali pote siku moja. Mpake dawa mbwa, na wanyama wengine wote wa nyumbani. Gunia au blanketi lake lifuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani. Fagia pembe zote, vuta kochi, takataka zitupwe nje mara moja. Rudia kufagia kila siku kwa muda wa majuma kadhaa, na dawa irudiwe kama karatasi yake inavyoagiza, kwa kuwa vijifuko hustahimili dawa nyingi na wengine watatoka baadaye. Usikate tamaa ukiona viroboto wapya juma la pili.

Kuhusu dawa zenyewe, tahadhari. Wako wanaochukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, wakakadiria kwa kifuniko cha chupa na kumwaga mgongoni mwa mbwa. Nilimtibu bwana mmoja aliyefanya hivyo bila glavu katika bafu lisilo na dirisha. Alikuja akitokwa na mate na jasho, macho yakiwa na mboni ndogo kama nukta. Yeye alipona. Mbwa hakupona. Nunua dawa ya mbwa kwa daktari wa mifugo, mweleze uzito na umri wa mnyama wako. Dawa nyingine za mbwa zenye permetrini huua paka, kwa hiyo usigawanye chupa moja.

Kiroboto pia hubeba tegu. Ukiona vipande kama punje za mchele kwenye manyoya ya makalio ya mbwa, amemeza viroboto wenye tegu huyo, na mtoto mdogo anayecheza naye sakafuni anaweza kumeza kiroboto bila kujua. Kupe nao waondolewe kwa kibanio, kichwa kikishikwa karibu na ngozi na kuvutwa moja kwa moja. Usiwapasue kwa kucha.

Minyoo ya kawaida ya mbwa, ile mirefu, huwapata vijibwa hata kabla hawajazaliwa. Wapewe dawa kuanzia majuma mawili, warudiwe kila majuma mawili hadi wafikishe majuma manane, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Mbwa mzima apewe kila miezi mitatu. Kinyesi kiokotwe kila siku, kwa sababu mayai ya minyoo huhitaji majuma mawili au zaidi mchangani kabla ya kuwa na uwezo wa kuambukiza. Ukikiokota leo, umewahi. Mabuu ya minyoo hiyo yakiingia mwilini mwa mtoto huweza kufika hata kwenye jicho.

Tabia

Turudi kwa Simba. Mama aliniambia kwamba mbwa huyo alikuwa akimngurumia mtoto kila alipokaribia chakula, na kila aliponguruma baba alimpiga kwa mshipi. Mwishowe akaacha kunguruma. Walifurahi wakidhani amepata adabu.

Kunguruma ni lugha. Mbwa akinguruma anasema, "Nimeogopa, ondoka." Ukimpiga kwa sababu hiyo humwondolei hofu, unamwondolea onyo tu. Siku nyingine atauma bila kusema neno. Dalili nyingine huja kabla ya hapo: anakakamaa, analamba midomo ilhali hana chakula, anageuza uso huku macho yakibaki yakikutazama hadi weupe uonekane. Hata kutikisa mkia si furaha kila mara.

Wafundishe watoto kwamba mbwa anayekula, anayelala au aliye na watoto wake haguswi. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata awe mpole namna gani. Akikutana na mbwa asiyemjua asikimbie wala kupiga kelele. Asimame wima kama mti, mikono kando, asimtazame machoni. Akiangushwa, ajikunje na kufunika shingo na masikio kwa mikono.

Wale wanaomfunga mbwa mnyororo mfupi mchana kutwa ili awe mkali usiku nawaambia hivi: mbwa huyo hajui kumtenga mwizi na mtoto wa jirani. Mlinzi mzuri ni yule aliyezoeshwa watu, watoto na kelele tangu alipokuwa na majuma matatu hadi kumi na manne hivi, akajua nani wa nyumbani.

Kichaa

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka wa 1912, katika mbwa karibu na Nairobi. Zaidi ya karne imepita na bado kinaua. Mwaka wa 2014 serikali ilizindua mpango wa kuondoa vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka wa 2030. Asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa mahali fulani, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Nilimwona mgonjwa mmoja tu wa kichaa, nilipokuwa daktari wa mafunzo. Alikuwa mwanamume mwenye nguvu, aliyeumwa mkononi miezi miwili kabla, jeraha likapona vizuri na akalisahau. Muuguzi alipomletea kikombe cha maji, koo lilimkaza kabla hakijafika mdomoni. Akili zake zilikuwa timamu, alituuliza maswali. Hatukuwa na la kumfanyia, kwa sababu dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa. Alifariki siku ya tatu.

Ukiumwa, au mbwa akilamba mahali palipochubuka, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tazama saa, maana dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Usitie pilipili, chumvi, mafuta ya taa wala tumbaku. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo, hata kama mbwa ni wako. Chanjo ya siku hizi hudungwa begani au kwenye ngozi ya mkono. Habari za sindano nyingi za tumboni ni za zamani. Maliza dozi zote. Wala usimuue mbwa kwa hasira. Mfungie, umjulishe afisa wa mifugo.

Mvulana wa Umoja alimaliza chanjo na yu mzima, ijapokuwa ana kovu shavuni. Juma lililopita mama yake alinipigia simu. Walikuwa wamepewa mtoto wa mbwa na shangazi kutoka Machakos, naye alitaka kujua achanjwe lini. Nilimwambia chanjo ya kichaa hutolewa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka, na kadi iwekwe pamoja na kadi za kliniki za watoto. Akaniuliza kama anaweza kumwosha kwa sabuni ya kufulia. Nilimwelekeza kwa daktari wa mifugo.