Unavumilia au Unahesabu? Somo Kutoka kwenye Pigo la Pokémon

Masomo ya kutafakari: 2 Samweli 13:20-38, Mathayo 18:15-22, Waefeso 4:26-27.

Kijana mwenzangu, leo naanza na gemu. Ndiyo, gemu, zile zile ambazo wazazi wanatugombeza kwa ajili yake.

Nyumbani kwetu Kasingirima mdogo wangu anacheza Pokémon Red kwenye simu yangu. Ni mchezo wa zamani, ulianzia Japani mwaka 1996. Kwa usiyeufahamu: unafuga viumbe, unawafundisha mapigo, halafu unawapambanisha na viumbe wa wengine. Kila zamu unachagua pigo moja. Kila kiumbe ana pointi za uhai, zikiisha anazimia.

Jioni moja dogo akanilalamikia: "Kaka, huyu wangu amegoma. Anapigwa tu, yeye hapigi."

Nikaangalia. Alikuwa amechagua pigo linaloitwa Bide, ambalo kwenye mchezo huo unapewa baada ya kumshinda Brock. Nikamwambia: "Hajagoma. Anahesabu. Anakaa kimya zamu mbili au tatu, kila anachopigwa anakiweka akiba. Muda ukifika, anarudisha yote mara mbili."

Dogo akacheka. "Kumbe! Mimi nilidhani ni mpole."

Sikucheka. Wiki hiyo hiyo mama mmoja wa jumuiya yetu alikuwa amenisifu kwa neno hilo hilo: mpole.

Laki moja na themanini

Nieleze kisa chenyewe. Mimi na rafiki yangu mmoja tulikubaliana kuweka mtaji wa pamoja, tununue dagaa Kibirizi tukauze. Mchango wangu ulikuwa shilingi 180,000, na hela aliishika yeye. Dagaa sikuwaona, na hela pia sikuiona. Kila nikiuliza, jibu ni "wiki ijayo, kaka". Mwishowe nikaacha kuuliza.

Tunaimba naye kwaya moja. Watu walijua kuna kitu, wakawa wananiambia, "We una moyo. Mwingine angeshamkunja shati."

Ukweli ni kwamba sikuwa na moyo wowote. Kwenye simu nilikuwa nimetunza kila ujumbe wake, kila ahadi na tarehe yake. Uchaguzi wa VIWAWA parokiani ulikuwa unakaribia, na yeye alitajwa kwenye nafasi ya mweka hazina. Mimi nilikuwa nangoja Jumapili hiyo. Nilipanga kusimama mbele ya wote na kusema, "Kabla hatujapiga kura, naomba niwaonyeshe kitu." Sentensi hiyo niliifanyia mazoezi mpaka nikaijua kama Nasadiki.

Hiyo ndiyo Bide.

Miaka miwili ya Absalomu

Biblia ina mtu aliyefanya hivyo kabla yetu. Amnoni, mtoto wa mfalme Daudi, alimbaka Tamari. Daudi alikasirika sana, lakini hatusomi kwamba alichukua hatua yoyote. Absalomu, kaka yake Tamari, hakumwambia Amnoni neno lolote, si la heri wala la shari. Ungemwona ungesema huyu kavumilia.

Ikapita miaka miwili mizima. Siku ya kukata kondoo manyoya akaandaa karamu, akamwalika Amnoni, na watumishi wake wakamuua pale pale mezani. Baada ya hapo Absalomu alikimbilia Geshuri, akakaa huko miaka mitatu. Baadaye aliinua vita dhidi ya baba yake mwenyewe, na akafia humo.

Tusimhukumu haraka. Kosa la Amnoni lilikuwa kubwa na la kweli, na Absalomu alikuwa na haki ya kuumia. Kilichomharibu ni kile alichokuwa anakilea ndani wakati mdomo umefungwa.

Bide inavyomfunga mwenyewe

Anayecheza gemu hii anajua udhaifu wa pigo hili.

Kwanza, ukishalianza huchagui tena kitu kingine mpaka liishe. Huwezi kujiponya wala kujikinga. Mimi nilikuwa hivyo. Kwenye Misa, tukifika pale kwenye Baba Yetu tunapoomba kusamehewa kama tunavyosamehe, sauti yangu ilikuwa inashuka yenyewe.

Pili, mpinzani anayekuelewa anautumia muda huo kujiponya au kujiongezea nguvu. Na ukizimia kabla ya muda kufika, akiba yako yote inapotea na wewe. Rafiki yangu alikuwa analala vizuri tu, mimi ndiye nilikuwa nakesha.

Tatu, na hili ndilo linalouma zaidi. Kwenye matoleo ya baadaye yenye mapambano ya wawili kwa wawili, Bide inampiga yule aliyekupiga mwisho, hata kama maumivu makubwa ulipewa na mwingine. Mwezi ule nilimfokea sana mdogo wangu. Kosa lake lilikuwa kumaliza chaji ya simu.

Kwenye Pokémon Sword na Pokémon Shield za mwaka 2019 huwezi tena kulitumia pigo hili. Huko liliwekwa pembeni. Mimi bado nilikuwa nalo.

Kusamehe si kunyamaza

Hapa vijana wengi tunachanganya. Tunafikiri kuna njia mbili tu: kulipiza au kukaa kimya. Katika Mathayo 18, kabla Petro hajauliza amsamehe ndugu yake mara ngapi, Yesu anaanza na jambo lingine: ndugu yako akikukosea, nenda ukaongee naye mkiwa wawili. Hakusema ungoje hadhara. Na Mtakatifu Paulo anatuonya tusiache jua lizame tukiwa bado na hasira, tusije tukampa shetani nafasi.

Tazama ng'ambo ya ziwa letu, nchini Kongo. Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, sista wa Shirika la Jamaa Takatifu, aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Alimwambia aliyemuua kwamba anamsamehe. Hakukubali alichotakiwa afanye, na hapo hapo hakubaki na chuki. Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985.

Papa huyo mwenyewe alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981, akamsamehe aliyempiga, na tarehe 27 Desemba 1983 akamtembelea gerezani. Ila tuelewane: Papa alipotoka, yule mtu alibaki gerezani. Msamaha haufuti haki. Kama umefanyiwa kama alivyofanyiwa Tamari, usimezee. Mwambie mzazi au mtu mzima unayemwamini, nenda dawati la jinsia polisi. Kusema si kukosa msamaha.

Katekisimu namba 2843 inanifariji. Inakubali kwamba kutosikia tena uchungu wa kosa, na kulisahau, haviko katika uwezo wetu. Tunachoweza ni kumkabidhi Roho Mtakatifu moyo, na yeye anaugeuza uchungu kuwa huruma.

Jumamosi jioni

Siku moja kabla ya uchaguzi nilikwenda kwake. Tulikaa nje. Nikasema, "Kaka, ile hela iliniuma. Kesho nilipanga kukuaibisha. Sitafanya hivyo, lakini naomba tuongee."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema hela ililipa deni lingine alilokuwa analionea aibu. Akanipa 30,000 aliyokuwa nayo. Kuhusu nafasi ya mweka hazina, aliomba mwenyewe jina lake litolewe. Nami nilimwambia wazi kwamba ameamua vizuri.

Zile meseji nilizifuta. Deni tuliliandika kwenye karatasi moja, tukasaini wote wawili. Mpaka leo bado nadai 90,000, na kuna siku inaniuma tena, nasali upya. Lakini nimejifunza tofauti: deni lina kiasi chake, ukilipwa limeisha. Kinyongo kinadai mara mbili, na hata ukilipwa hakishibi.

Jiulize

1. Kuna mtu ambaye umemnyamazia, lakini unamhesabia?
2. Hasira yako ya wiki hii imemwangukia nani ambaye hakuhusika?
3. Ni nani unaweza kwenda kuongea naye, wawili tu, kabla ya Jumapili? Kama ni vigumu, anza na kitubio.

Tusali

Ee Bwana Yesu, wewe unajua ninachokificha nyuma ya upole wangu. Nipe ujasiri wa kusema ukweli bila kuaibisha, na moyo wa kudai haki bila kulipiza. Mwenyeheri Anuarite, utuombee. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!