Somo la Koa: Kufundisha Sayansi kwa Kutazama

Katika shule nyingi koa hutajwa kwa sentensi moja tu, kwamba ni konokono asiye na kombe. Mwanafunzi huikariri, na maarifa yake hukomea hapo. Yafuatayo ni mapendekezo ya somo la kutazama kwa darasa la nne au la tano.

Maarifa ya mwalimu

Koa afaaye ni yule mweusi na bapa, aitwaye kitaalamu Laevicaulis alte. Asili yake ni Afrika, naye hupatikana hata Afrika Mashariki. Watu wamemsambaza hadi Asia na Australia. Aliyekomaa hufikia sentimeta 7 au zaidi. Ngozi ya mgongo wake ina vijipele, na katikati hupita mstari mwembamba wa rangi hafifu. Vipapasio vyake ni vifupi mno. Unyayo wake una upana wa milimeta 4 au 5 tu. Kwa hiyo hapotezi maji mengi, na huweza kustahimili ukavu. Mchana hujificha udongoni, au chini ya mawe na magogo. Usiku hutoka kula mimea.

Hatua za somo

1. Mwalimu amweke koa katika chupa ya kioo yenye udongo mbichi na kifuniko kilichotobolewa. Apandapo kioo, unyayo wake utaonekana wazi.

2. Kila mwanafunzi achore akionacho, kabla ya kuonyeshwa picha yoyote. Yamkini baadhi watachora vipapasio virefu, kama vya konokono wa kitabuni. Mwalimu asiifute michoro hiyo, bali aulize: "Umeviona wapi?" Kisha wamtazame koa tena na kusahihisha wenyewe.

3. Wanafunzi wajadili: mnyama asiye na kombe hujikingaje na jua?

Tahadhari

Koa huyu huweza kubeba minyoo ya mapafu ya panya, ambayo ikimwingia mtu huweza kumdhuru ubongo. Basi asishikwe kwa mikono mitupu. Kitumike kijiti au jani, na baada ya somo wote wanawe kwa sabuni. Wanafunzi wakumbushwe pia kuosha vema mboga ziliwazo mbichi.

Aidha, koa asimwagiwe chumvi ili darasa lione ajabu. Chumvi humtoa maji mwilini akafa, na mtoto hujifunza ukatili badala ya sayansi.

Upimaji

Mwalimu alinganishe mchoro wa kwanza na wa mwisho wa kila mwanafunzi. Tofauti iliyopo baina ya michoro hiyo miwili ndiyo kipimo cha somo.