Somo la Mwezi Huu: Bati Kuukuu la Asbesto Lisiokotwe

Wakulima wa skimu za kando ya mto Tana, kutoka Garissa mpaka Bura, wanajua thamani ya bati. Shule au ofisi ya zamani ikibomolewa, watu hukimbilia vifaa vyake, maana kipande cha kuezekea banda la kuku hakitupwi. Lakini kiko kifaa kimoja kisichofaa kuokotwa hata kikitolewa bure, nacho ni bati la asbesto.

Asbesto ni nini?
Ni jiwe lenye nyuzi, linalochimbwa ardhini. Zamani nyuzi zake zilichanganywa na saruji, yakatengenezwa mabati ya kijivu yenye mawimbi, mazito kuliko ya chuma. Hayashiki kutu, na yakipigwa huvunjika kama chungu. Yako pia mabati ya saruji yasiyo na asbesto, na jicho peke yake haliwezi kuyatofautisha. Kwa hiyo bati kuukuu la namna hii lihesabiwe kuwa asbesto mpaka lipimwe.

Ubaya wake
Bati zima lililotulia juu ya paa halina hatari kubwa. Hatari huanza linapokatwa, linapotobolewa au linapovunjwa. Hapo nyuzi nyembamba zisizoonekana hupanda hewani, na mtu huzivuta kwa pumzi zikakaa mapafuni. Huleta ugonjwa wa mapafu kukakamaa, saratani ya mapafu, na saratani ya utando unaoyazunguka. Maradhi haya huweza kuchelewa miaka 20 mpaka 40. Kijana anayevunja paa leo huenda akaugua akiwa mzee, asijue chanzo. Mvutaji sigara yumo katika hatari zaidi.

Sheria yasemaje?
Kenya ina Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999. Chini yake zilitolewa Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2006, ambazo ziliiweka asbesto katika orodha ya taka za hatari. Mwaka 2011 Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA, ilitoa mwongozo wa kuiondoa na kuizika. Kazi hiyo ni ya watu wenye leseni. Mabati hulowanishwa, huteremshwa mazima, hufungwa katika karatasi nene za plastiki, husafirishwa kwa gari lililoruhusiwa, na kuzikwa mahali palipokubaliwa. Mtu ye yote anayetupa taka hizi ovyo aweza kutozwa faini kubwa au kufungwa.

Kazini, iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Mwajiri lazima awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga bila kuwatoza cho chote. Ukiitwa kibarua cha kuteremsha paa la asbesto, uliza kwanza leseni na vifaa. Kilemba au kitambaa mdomoni hakizuii nyuzi hizi.

Tena Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi. Upepo wa kiangazi haujui mpaka wa shamba. Vumbi la boma lako ni vumbi la jirani yako.

Mambo ya kushika
1. Usinunue, usiuze wala usimpe mtu bati la asbesto.
2. Usilitumie kwa zizi, kihori cha mbuzi au meko. Likipata moto huweza kupasuka kwa kishindo.
3. Usilisugue paa ili kusafisha maji ya mvua.
4. Vipande vikiwapo bomani, vinyunyizie maji, vifunike, na uwazuie watoto. Usifagie pakiwa pakavu.
5. Toa habari kwa chifu, kwa Bwana Shamba, au kwa ofisi ya NEMA ya kaunti.

Mtu atasema, "Baba yangu alikaa chini ya paa hilo miaka mingi, asidhurike." Yawezekana, kwa sababu paa halikuvunjwa. Anayelivunja ndiye anayeifungua hatari, na watoto wanaocheza karibu huivuta pamoja naye.

Maswali ya kujipima
1. Kwa nini bati zima ni afadhali kuliko lililovunjika?
2. Ni nani aruhusiwaye kuondoa asbesto?
3. Katika kijiji chako, ni majengo gani yenye paa la namna hii, na ni nani anayeyatunza?