Kwa Nini Simu ya Upepo Husikia Lakini Haisemi

Mlinzi wa hifadhi aliyeko mlimani huisikia vizuri sauti ya mwenzake wa kituoni. Anapobonyeza kitufe ili ajibu, taa ya redio hufifia, na kituoni hakifiki kitu. Akikiachia kitufe, sauti ya mwenzake hurudi safi kama kwanza. Mara nyingi maikrofoni ndiyo hulaumiwa. Hata fundi huweza kudanganyika, kwa kuwa betri ikitolewa na kupimwa peke yake huonyesha volteji ya kuridhisha kabisa.

Kitendawili hiki huteguliwa kwa Kanuni ya Ohm, ambayo kila mwanafunzi wa sekondari anaijua.

Redio nyingi za mkononi za leo hutumia seli mbili za lithi, zenye jumla ya volti 7.4. Betri ikijaa hufikia volti 8.4, na ikikaribia kwisha hushuka hadi volti 6 hivi. Lakini saketi inayotengeneza masafa ya redio haivumilii mabadiliko hayo, maana volteji yake ikiyumba, masafa nayo huyumba. Kwa hiyo kati ya betri na saketi hizo huwekwa kidhibiti volteji. Kazi yake yafanana na ya mtu aliyeshika koki ya bomba huku akitazama alama iliyo kwenye ndoo. Alama ni volteji ya rejea isiyobadilika, kwa mfano ile itolewayo na dayodi ya Zener. Koki ni transista. Volteji ya kutokea ikipungua, transista hufunguka zaidi, ikizidi, hujibana. Hivyo hutoka volti 5 daima, na kinachobaki hupotea kama joto.

Koki hiyo ina mpaka wake. Haiwezi kutoa maji mengi kuliko yaliyomo kwenye bomba. Kidhibiti cha volti 5 kinachohitaji nyongeza ya nusu volti hushindwa mara volteji ya kuingilia inaposhuka chini ya volti 5.5.

Sasa na tupige hesabu. Chukulia kuwa redio hutumia ampea 0.2 inapopokea sauti, na ampea 1.6 inaporusha mawimbi ya wati 5. Kikuza cha mwisho cha kurushia, kwa ulafi wake, huchota moja kwa moja kutoka kwenye betri. Betri njema yenye ukinzani wa ndani wa omu 0.2 hupoteza volti 0.32 wakati wa kurusha, na volti 7.08 hubaki. Betri iliyochakaa, yenye omu 1.3, hupoteza volti 0.26 tu wakati wa kupokea, nayo redio husikika vyema. Kitufe kinapobonyezwa hupoteza volti 2.08, zikabaki 5.32. Kidhibiti hushindwa, masafa hutoka mahali pake, na redio iliyoundwa vizuri hukata urushaji yenyewe ili isiingilie mawasiliano ya wengine. Kipimavolti hakivuti mkondo wa maana. Ndiyo sababu kilionyesha 7.4 bila wasiwasi.

Baridi nayo huongeza ukinzani wa ndani. Juu ya Kilimanjaro, betri iliyowekwa ndani ya koti hufanya kazi vizuri kuliko iliyoachwa nje usiku kucha.

Upande wa sauti una sababu zake za kuihitaji volteji tulivu. Maikrofoni ya redio hutoa ishara ya milivolti chache tu. Spika ya omu 8 ikitoa nusu wati hupitisha ampea 0.25, na mkondo huo hupanda na kushuka kwa kufuata maneno. Iwapo maikrofoni na vikuza vya mwanzo vingelishwa kwa waya uleule bila kidhibiti wala kapasita za kutuliza, mtikisiko wa mwisho wa mnyororo ungerudi mwanzoni, ukakuzwa tena, na redio ingeguruma tu-tu-tu kama mashua ya injini. Mafundi wa redio za zamani waliijua sana sauti hiyo.

Kabla ya kurushwa, sauti huchujwa ili ibaki kati ya hezi 300 na 3,000, kisha hupitishwa kwenye kizuizi cha ukubwa. Katika njia yenye upana wa kilohezi 12.5, masafa hayaruhusiwi kusogea zaidi ya kilohezi 2.5 kila upande. Kwa hiyo anayepiga kelele hasikiki mbali zaidi; vilele vya sauti yake hukatwa, na maneno huharibika.

Mwalimu mwenye redio iliyosajiliwa aweza kuonyesha jambo hili darasani. Antena iwe imefungwa, kwani kurusha bila antena kwaweza kuunguza kikuza cha mwisho. Tena kitufe kibonyezwe kwa sekunde chache tu, katika njia aliyoruhusiwa. Volteji ipimwe kwanza kwenye vituo vya betri yenyewe, halafu kwenye vibati vya redio vinavyoigusa. Ikishuka sana mahali pa kwanza, betri imechakaa. Ikiwa imara hapo lakini pungufu kwenye vibati, ukinzani umo katika uchafu na kutu iliyo kati yao, na kitambaa kikavu chaweza kutosha.